Nilipata Kipaimara Tangu Ujana: Je, Bado Napaswa Kuhudhuria Darasa la Watu Wazima?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi seremala mwenye umri wa miaka 61, msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) na mwimbaji wa kwaya. Usharika wetu umeanzisha darasa la Elimu ya Kikristo kwa watu wazima kila Jumatano saa kumi na moja jioni, na kila Jumapili tunatangaziwa kwamba tusikose. Mimi nilipata kipaimara mwaka 1979 baada ya kumaliza mafundisho, na Katekisimo, kile kitabu cha mafundisho ya imani yetu, niliishika kichwani. Isitoshe, anayefundisha ni mwinjilisti kijana, umri wa mwanangu wa tatu. Je, ni dhambi nisipohudhuria? Na kwa kuwa macho yangu na kisomo changu si vya kutegemea, nitafanya nini wenzangu wakianza kusoma? Tena saa kumi na mbili tuna mazoezi ya kwaya.

JIBU: Amina, mzee wangu, na asante kwa kuuliza waziwazi jambo ambalo wengi hulimaliza kwa kutokufika tu. Nianze na neno "dhambi". Mbele za Mungu hatutaulizwa tulihudhuria vipindi vingapi vya Jumatano, kwa kuwa tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa daftari la mahudhurio. Kiongozi anayewatisha washarika kwa jambo hili anakosea, hata kama nia yake ni njema. Lakini umesema Katekisimo uliishika kichwani, nami nakuomba uirudie Amri ya Tatu, ile ya kuitakasa siku ya Sabato, pamoja na maelezo yake. Utakumbuka kwamba Martin Luther, aliyeitunga Katekisimo hiyo, hakuieleza kwa habari ya kuacha kazi. Aliieleza kwamba tusidharau mahubiri na Neno la Mungu, bali tulihesabu kuwa takatifu, tupende kulisikia na kujifunza. Basi yale yale uliyoyakariri mwaka 1979 ndiyo yanayokutuma ukajifunze tena.

Mwandishi wa maelezo hayo hakujitoa. Alikuwa daktari wa teolojia tangu mwaka 1512, na Katekisimo Ndogo na Katekisimo Kubwa zilitoka mkononi mwake mwaka 1529, baada ya kuzungukia sharika za Saksonia, huko Ujerumani, na kusikitika kuona jinsi watu walivyokuwa hawajui hata Baba Yetu. Hata hivyo, katika dibaji ya Katekisimo Kubwa anakiri kwamba yeye mwenyewe kila asubuhi huzikariri Amri Kumi, Imani (lile ungamo tunalolikiri ibadani) na Sala ya Bwana neno kwa neno kama mtoto, na kwamba hana budi kubaki mwanafunzi. Ikiwa aliyekitunga kitabu hakujiona amekimaliza, sioni sisi tuliokikariri tumekimaliza lini.

Nadhani kosa limetokana na namna tunavyoisherehekea kipaimara. Siku ile kuna nguo nyeupe, mpiga picha, pilau na wageni kutoka mbali, na kijana akitoka pale anajiona amehitimu, ilhali amekaribishwa mezani pa Bwana ili aanze kula. Mambo hayakuanza hivyo katika nchi zetu. Wamisionari wa Kianglikana walipofika Buganda mwaka 1877, waliojifunza kwao walikuwa watu wazima na vijana wa barazani kwa Kabaka (mfalme) Mutesa, wengine wakianza na maandiko ya Kiswahili kwa kuwa ya Kiganda yalikuwa bado. Watu wakawaita abasomi, yaani wasomaji, na jina hilo likawa ndilo jina la Wakristo. Wakikuyu nao waliwaita Wakristo wao wa kwanza athomi, kwa maana ile ile. Kwa wazee hao, kuamini na kujifunza vilikuwa kitu kimoja; ni sisi tuliokuja nyuma tulioligawa jambo hilo, tukawaachia watoto kujifunza, sisi tukabaki na kwaya na vikao.

Huenda ukasema kwamba mahubiri ya Jumapili yanatosha. Mahubiri ni lazima, lakini wewe unajua jinsi Jumapili ilivyo: mahubiri yakiisha yanafuata matangazo, sadaka, halafu tunatoka nje kwenye mnada wa ndizi na mayai, na katika yote hayo hakuna aliyepewa nafasi ya kunyoosha mkono na kusema, "Mchungaji, hapo sijaelewa." Darasa lina nafasi hiyo. Nilipokuwa nikiongoza darasa la namna hii, mama mmoja aliyekuwa mshiriki wa Chakula cha Bwana kwa zaidi ya miaka 40 aliniuliza, kwa sauti ndogo sana, kama "ushirika wa watakatifu" tunaoukiri katika Imani unamaanisha kuzungumza na waliokufa, kwa sababu kila alipofika hapo alinyamaza, akaendelea tena kwenye "ondoleo la dhambi". Miaka yote hiyo aliruka maneno yale kwa uaminifu wake, na hakuna mahubiri yaliyomfikia. Tulipoeleza kwamba watakatifu ni wote walio wa Kristo, yeye na jirani yake wa benchi wakiwamo, alicheka akajifunika uso kwa khanga. Katika Nehemia 8:8 tunaambiwa kwamba Walawi walisoma torati kwa sauti ya kusikilika, kisha wakaeleza maana yake hata watu wakayafahamu yaliyosomwa. Kusoma bila hilo la pili ni nusu ya kazi.

Kuhusu kijana anayefundisha, nakuelewa, maana si rahisi kwa mzee kuketi mbele ya aliyemwona akinyonya. Lakini soma Matendo ya Mitume 18:24 na kuendelea. Apolo alikuwa mtu wa elimu, hodari katika Maandiko, na bado alikubali kufundishwa na Akila na Prisila, mume na mke waliokuwa mafundi wa mahema, watu wa kazi za mikono kama wewe. Nao hawakumsahihisha mbele ya watu katika sinagogi. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Paulo anamwambia Timotheo mtu yeyote asiudharau ujana wake, na ukigeuza ukurasa unamkuta akimwagiza Timotheo huyo huyo asimkemee mzee, bali amwonye kama baba. Kwa hiyo mwinjilisti wenu naye amefungwa na neno hilo. Akigeuza darasa kuwa mahali pa kuamuru madokezo yanakiliwe kwa saa nzima, au nusu ya muda ikaliwa na habari za michango, una haki ya kumwita pembeni umwambie.

Sasa kisomo. Hili ndilo nadhani linakuzuia kuliko yote, na halipaswi kukuaibisha. Ufunuo 1:3 inasema, "Heri asomaye na wao wayasikiao". Asomaye ni mmoja, wasikiao ni wengi, kwa kuwa ndivyo nyaraka za mitume zilivyosomwa makanisani. Mwambie mwalimu mapema aache ule utaratibu wa kila mtu kusoma mstari wake kwa zamu ya viti. Nimewaona wazee wakihesabu vichwa tangu mwanzo wa benchi ili wajue mstari wao ni upi, na muda wote wa somo wanaukariri kimoyomoyo wasije wakakwama, wala hawasikii neno lingine lolote. Asome mmoja mwenye sauti nzuri, mara mbili, polepole. Wewe nenda na swali moja ambalo umekuwa nalo miaka mingi. Kwa mwimbaji wa kwaya halikosi, hata kama ni neno la wimbo mnaouimba bila kuujua maana yake.

Mazoezi ya kwaya yasiwe kikwazo, kwa sababu saa moja inatosha kwa somo moja. Zungumza na mwalimu wa kwaya na mwinjilisti kwa pamoja wakubaliane kwamba darasa litaanza saa kumi na moja kamili, nami nasema kamili kwa kuwa saa kumi na moja ya kanisani mara nyingi huwa kumi na moja na nusu.