Diski ina nafasi, mbona inakataa video?

SWALI: Kompyuta yangu imejaa video za harusi, kipaimara na matembezi ya Marangu. Nikihamishia diski ya nje, ya harusi yenye GB 6 inakataa, ilhali nafasi ipo tele. Nifanyeje?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Pole, ndugu yetu. Kwa dalili hizo, diski yako imefomatiwa (yaani imeandaliwa kuhifadhi faili) kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalofikia GB 4, hata diski ikiwa tupu. Ifomati upya kwa exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa na unaosomeka kwenye Windows na Mac. Lakini kwanza nakili pembeni kila kilichomo, maana kufomati hufuta vyote. Baadhi ya televisheni za zamani hazisomi exFAT. Jaribu yako mapema.

Ukihamisha, tumia kunakili, kamwe usikate na kubandika. Umeme ukikatika katikati, faili la upande wa pili hubaki nusu. Linganisha ukubwa, cheza dakika ya mwisho ya video, ndipo ufute ile iliyo kwenye kompyuta. Usichomoe waya kabla ya kuiambia kompyuta iitoe diski.

Majina ya video yaanze na mwaka: 2023-12-16 Harusi Moshi. Hivyo zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Folda moja kwa kila mwaka yatosha.

Tunakusihi uwe na diski ya pili, ikae kwa ndugu, tuseme Arusha. Mwizi au moto havichagui diski. Na usitegemee nakala zilizotumwa kama video za kawaida kwa WhatsApp. Hubanwa, ubora ukapotea.