Muulize Fundi: Ufa umerudi mara ya tatu na kapeti limetota

Mwezi huu barua nyingi ni za maji, masika hayako mbali na wenye gari za zamani washaanza wasiwasi. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu pikapu nyingi nnazofungua Pemba na Unguja zina ugonjwa huo huo na watu wanatibu mahali sipo.

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mie nipo Wete, nna Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, ilikuwa ya marehemu baba. Msimu wa karafuu inabeba magunia ya karafuu na makonyo, siku nyengine matofali, siku nyengine abiria wakienda harusini. Kuna ufa nyuma ya kabini kwenye kona ya chini ya kioo upande wa dereva na mwengine mdogo umeanza juu ya mlango. Nshapeleka kwa fundi bodi mara tatu, anakwangua anapiga puti anapulizia rangi, inakaa safi miezi miwili mitatu alafu ufa unatokea pale pale. Mvua ikinyesha maji yanaingia miguuni mpaka asubuhi nayachota kwa kopo. Babu ananambia usipoziba ufa utajenga ukuta, sasa mie nimeziba mpaka nimechoka. Nifanyeje, au niuze tu? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam kaka, na Mungu amrehemu mzee. Usiuze kwanza.

Puti si chuma. Kazi yake ni kusawazisha bati lililobonyea, tena kwa unene mdogo, milimita 2 au 3, haina nguvu ya kushika bati mbili zinazovutana. Kona ya kabini yako inavutwa kila ukiingia shimoni, kwaiyo puti inakatika kama biskuti na rangi inakatika juu yake, maji yanapenya kwenye mstari mwembamba ambao wewe huuoni, yanakaa chini ya puti na kutu inakula kwa ndani huku nje panang'aa. Bila shaka kila fundi akikwangua ufa unaonekana mrefu zaidi kuliko mara iliyopita.

Sasa kwanini inavutwa? Kabini ya Hilux haikuchomewa kwenye chesisi, imekaa juu ya raba na kufungwa kwa bolti, na bodi ya mzigo nayo imefungwa mbali peke yake. Chesisi ikipakiwa inajipinda kidogo, ndivyo ilivyotengenezwa, na zile raba ndio zinameza huo mpindo usifike kwenye bati. Raba za 1994 kama hazijawahi kubadilishwa basi saa hizi ni ngumu kama kwato au zimelika mpaka chuma kinagonga chuma. Nilifungua moja kule Konde, bolti ya nyuma ya kabini, raba hakuna kabisa, mtu kakata vipande vya tairi kuukuu kwa kisu akapachika, kimoja kinene kimoja chembamba, kabini imekaa upande kama kiti kilichovunjika mguu, na mwenye gari kwa miaka yote hiyo anapiga puti kona ya juu.

Kwaiyo kabla hujamuita mtu wa kuchomea lala chini ya gari na tochi. Mtu mwengine aingize mtaimbo kati ya chesisi na kabini, aweke kipande cha ubao asibonyeze bati, anyanyue taratibu. Ukiona raba inaachia nafasi, au bolti inazunguka, au unga mwekundu wa kutu umezunguka washa ya bolti, hapo ndio penye ugonjwa. Angalia pia ule mwanya kati ya kabini na bodi ya mzigo, kama kushoto unaingia mkono na kulia kidole tu basi kabini imelala. Na hebu niambie, hiyo gari ina fremu ya bomba ya turubai? Nauliza kwa sababu nimeziona nyingi zimefungwa chini kwenye bodi ya mzigo alafu juu zimeshikishwa kwenye kabini. Vitu viwili hivyo havichezi pamoja njiani, kila kimoja kinakwenda kwake na fremu inavivuta, kona ya kabini ndio inalipa. Ikatwe, isimame yenyewe kwenye bodi ya mzigo. Magunia nayo usiyarundike yote nyuma karibu na mlango wa mzigo, yasogeze mbele yaje juu ya ekseli, mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli unaipinda chesisi pale pale nyuma ya kabini.

Raba zikishabadilishwa, zote na sio ile moja mbovu, sasa ndio ufa. Kwanza kabisa usalama, na hapa nakuomba usinidharau: toa waya wa negativu wa betri, welding inaweza kuua altaneta. Toa kiti, kapeti na lile sponji la nyuma ya kiti, vinashika moto kabla hujanusa moshi, na mtu mmoja akae ndani na ndoo ya maji asifanye kazi nyengine yoyote. Kama moto utakaribia tangi la mafuta, tangi lishushwe, hapana kubahatisha.

Kwangua mpaka uone chuma cheupe, puti yote ya zamani itoke. Tafuta mwisho wa ufa kwa macho na kwa kidole, sogea mbele kidogo kufuata ulikokuwa unaelekea, toboa tundu dogo la milimita 3 kwa drili. Tundu hili ni dogo lakini bila yake kazi yote ni bure, ncha ya ufa ni kali kama ncha ya kisu na nguvu yote inajikusanya hapo, ukiifanya duara nguvu inatawanyika na ufa unasimama. Alafu bati la kabini ni jembamba, milimita 1 au pungufu, fundi akija na vijiti vile vya kuchomea mageti atakutoboa matundu kuliko ufa wenyewe. Mtafute mwenye mashine ya waya na gesi, na achome vidoto vidoto, kimoja huku kimoja kule, aache bati lipoe kati yake, akivuta mstari mmoja mrefu bati litajikunja. Kona ikiwa imeliwa na kutu usimkubalie achomee juu ya kutu, akate mpaka penye bati zima atie kiraka kipya, na kiraka kiwe na kona za duara. Baada ya hapo praima, gundi ya kuzibia maungio ya bati, rangi, na kwa ndani ambako hapafiki brashi apulizie nta au grisi nyepesi. Puti sasa inaruhusiwa, kupaka tu uso ukae sawa.

Haya, maji. Hapa nakushtua kidogo, maji yanayojaa miguuni huenda hayatoki kwenye huo ufa wa nyuma. Maji hufuata mkondo, yanaingia kwengine yanatembea chini ya kapeti yanakuja kutulia palipo chini. Kwenye pikapu za umri huu mimi naanza mbele: fremu ya kioo cha mbele chini ya raba, na lile birika la chini ya waipa. Fungua bonneti uangalie, majani ya mwembe na vumbi vinajaa pale vinaziba njia ya maji, maji yakikosa pa kutokea yanapanda yanaingia kabini. Wakati mwengine hii ndio dawa yote, mkono mmoja wa majani. Kisha vile vipira vinavyozunguka waya zinapopita kutoka kwenye injini kuja ndani, vikikauka vinaacha mwanya.

Kupima: toa kapeti, kausha sakafu vizuri, tandaza magazeti makavu. Wewe ukae ndani na tochi, mtoto awe nje na mpira wa maji, maji ya kutiririka tu sio ya kurusha. Aanzie CHINI. Chini ya mlango dakika 5, alafu sehemu ya waipa, alafu kioo, mwisho paa. Akianzia juu maji yanashuka kila mahali na hutojua kitu. Gazeti litakalolowa mwanzo ndio litakaloonesha njia, lifuate kwa kidole kupanda juu. Raba za milango zipake chaki, funga mlango, fungua, pale ambapo chaki haikuacha alama kwenye bati raba haigusi. Na vitundu vya chini ya milango vizibue kwa kijiti, maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida ila lazima yawe na pa kutokea.

Kitu kimoja nakukataza kwa nguvu zote, ile silikoni ya vyooni inayonuka siki. Watu wanaipaka kwenye kioo wanafurahi wiki mbili. Ile harufu ni asidi kweli, na inachochea kutu kwenye bati chini yake, ukija kuibandua unakuta fremu ya kioo imekuwa ungo. Ukikuta kutu chini ya raba kioo kitoke chote, chuma kisafishwe kipigwe praima na rangi, kisha raba mpya. Kama ni kuziba mwanya tumia gundi ya vioo vya gari au ya maungio ya bodi.

Kuhusu kuuza, kabla hujaamua chukua nyundo ndogo uigonge chesisi taratibu, khasa pale springi za nyuma zinaposhikwa. Ikilia tii tii ni nzima. Ikitoa sauti ya kufa, au bisibisi inazama, hiyo si kazi ya bodi tena, na ukiwa katika hali hiyo usipakie watu wa harusi hata mara moja mpaka fundi wa chesisi aione.

SWALI: Fundi mie gari yangu haina ufa hata mmoja lakini upande wa abiria chini panatota hata kiangazi, mvua hakuna. Mume wangu anasema ni maji ya rejeta. (Msomaji, Jambiani)

JIBU: Dada, chovya kidole uyanuse. Yakiwa na utelezi na harufu tamu tamu au rangi, mumeo kasema kweli, ni kulanti, yale maji ya rejeta yanayopita kwenye hita, na usiendelee kuendesha hivyo, injini itachemka. Yakiwa maji safi yasiyo na harufu na yanakuja siku ukiwasha AC, basi ni mpira mdogo wa kutolea maji ya AC umeziba, mara nyingi kwa vumbi au mdudu kajenga. Upo chini upande huo huo wa abiria, uchomoe upulize, ukiona maji yanamwagika nje kwa mkupuo umemaliza.

SWALI: Nabeba samaki kutoka diko kila alfajiri, sakafu ya nyuma imetoboka. Fundi anataka kutandika bati nene juu yake achomee pembeni, sawa? (Msomaji, Mkoani)

JIBU: Si sawa ami. Maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi yataingia kati ya bati mbili na hayatoki, jua haliyafikii, na chumvi yenyewe inavuta unyevu hata siku kavu. Mwaka mmoja utakuwa na bati mbili mbovu badala ya moja. Palipooza pakatwe patiwe bati jipya, juu na chini rangi, na matundu ya kutolea maji pembeni yaachwe wazi. Samaki wakae kwenye makasha yenye mfuniko na chini yake uweke vipande vya mbao hewa ipite. Na kila siku ukishashusha mzigo mwagia maji baridi ya mfereji, sio ya pwani, sakafu yote na chini ya gari kwenye chesisi na springi, ndoo 4 au 5 zinatosha, kabla jua halijakausha ile chumvi.