Wamerudi na milioni 2 na karatasi ya kusaini, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mkazi wa Mbagala, mume wangu amefariki wiki 3 zilizopita. Alikuwa anaendesha bajaji ya mkataba, akagongwa na semi Kilwa Road alfajiri, akalazwa siku 2 akafariki. Ameniachia watoto 3, mkubwa yuko darasa la 6 mdogo bado chekechea, na mama yake yuko Lindi alikuwa anamtumia hela kila mwezi. Wenye semi walikuja msibani wakatoa laki 5 ya rambirambi, tukawashukuru. Wiki iliyopita wamerudi na milioni 2 na karatasi imeandikwa familia imesamehe na haitadai chochote tena. Shemeji yangu, kaka yake marehemu, anasema tusaini coz ajali kapanga Mungu, halafu ile semi ina bima ndogo tu kwa hiyo hamna cha kupata huko mbele, na dereva si anapelekwa mahakamani, basi yameisha. Mimi niko eda siwezi kuzunguka. Dada nisaini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako na akupe nguvu ya kulea hao watoto.

Usisaini. Naanza na hilo ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umelipata. Hiyo karatasi ikija tena waambie familia bado iko kwenye msiba, waache namba ya simu, na uombe nakala ya hiyo karatasi ubaki nayo. Kama watakataa kuacha nakala ujue wenyewe wanajua thamani ya sahihi yako kuliko wewe.

Nina sababu ya kuandika kwa uchungu. Baba yangu mdogo aligongwa na lori miaka mingi iliyopita, wakaja watu wapole wamevaa vizuri, wakakaa kwenye mkeka na wazee, wakatoa bahasha, wazee wakasaini kwa sababu waliona aibu kuonekana wanauza damu ya ndugu yao. Mama mdogo akasomesha watoto kwa kuuza vitumbua mpaka mgongo ukakataa. Ile bahasha iliisha kabla ya arobaini. Sasa kila nikisikia neno "tumesamehe" limeandikwa kwenye karatasi na mtu ambaye sio aliyefiwa, roho yangu inaruka.

Rambirambi sio fidia. Ile laki 5 waliyotoa msibani ni ubinadamu, mmeipokea, mmeshukuru, haijafuta kitu. Fidia ni haki ya watu waliokuwa wanakula kwa mkono wa marehemu, na ipo kisheria, inaitwa Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 310, ambayo inasema mtu akifa kwa uzembe wa mwingine wanaomtegemea wanaweza kumdai aliyesababisha. Mke, watoto, na wazazi wake. Kwa hiyo mama mkwe wa Lindi naye yumo, msimsahau, na kumuweka ndani sio fadhila yako wala ya shemeji.

Hilo la kwamba kapanga Mungu, mdogo wangu, hatubishani nalo, siku ya mtu ikifika imefika. Ila hata kwenye dini yenu kuna diya, ina maana kuchukua haki ya damu ya maiti wako sio kukosa subra. Ukimwambia shemeji hivyo kwa upole nadhani atakuelewa, simuoni kama mtu mbaya, namuona mtu amechoka na msiba na amewekewa hela mezani.

Halafu hiyo habari ya bima ndogo imepotosha watu wengi sana mjini hapa. Bima ndogo ndio hasa imetengenezwa kwa ajili ya mtu kama mume wako! Bima kubwa inaongezea kumlipa mwenye gari gari lake likiharibika, lakini ile ndogo ambayo kila gari barabarani linalazimishwa kuwa nayo inalipa mtu wa nje aliyeumizwa au kuuawa na hilo gari. Kwa hiyo semi kuwa na bima ndogo ni habari njema. Hakikisha tu ilikuwa hai siku ya ajali, mtoto wa jirani mwenye simu nzuri aingie tovuti ya TIRA, mamlaka ya bima, aweke namba ya gari, itamuonyesha kampuni ya bima na tarehe za kuanza na kuisha. Apige picha aihifadhi. Na kama itaonekana haina bima, mwenye semi mwenyewe bado anadaiwa, kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi yake yeye.

Sasa kuhusu kesi ya dereva. Ile ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, akipigwa faini inaenda serikalini, nyie hampati hata mia, na wala haimalizi madai yenu. Ila msiidharau, ifuatilieni, kwa sababu dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo kwa Sheria ya Ushahidi inachukuliwa kuwa imemaliza ubishi kwamba alitenda kosa, kwa hiyo kwenye madai yenu hamuanzi tena kubishana nani alimfuata nani barabarani. Madereva wengi wanakiri kosa siku ya kwanza ili walipe faini waondoke, kesi inaisha asubuhi moja na familia haina habari. Kwa hiyo mtu wenu ajue namba ya kesi na mahakama gani, aombe nakala ya hukumu na mwenendo. Polisi mchukue ripoti ya ajali, ile PF90, na ramani ya ajali waliyochora pale, na ripoti ya ukaguzi wa magari yote mawili. Hospitali mchukue ripoti ya uchunguzi wa mwili na risiti zote za zile siku 2, hata ile ya dawa iliyonunuliwa famasi ya nje.

Wewe uko eda, miezi 4 na siku 10, na nakuheshimu kwa kuikalia. Sio lazima uvunje. Madai kama haya yana ukomo wa miaka 3 kwa hiyo muda upo, kinachokimbia ni makaratasi na mashahidi, yule muuza kahawa aliyeona ajali atahama kijiwe, askari mpelelezi atahamishwa kituo. Mchague mtu mmoja unayemuamini awe anafuatilia kwa sasa, kaka yako au huyo huyo shemeji mkielewana, awe anakuletea kila karatasi nyumbani unaipiga picha. Originali zikae kwako.

Kwenye mirathi ndo pa kukaa vizuri, maana watu wanachanganya. Ili madai yaende sawasawa inatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnaanza na cheti cha kifo RITA, mnakaa kikao cha ukoo mnaandika muhtasari na kila aliyehudhuria anasaini, mnachukua barua serikali ya mtaa, mnaenda Mahakama ya Mwanzo, na kwa nyie wa Mbagala kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kipo Temeke, kinashughulikia hasa mirathi na ndoa. Mahakama inatangaza, ikipita bila pingamizi msimamizi anateuliwa. Msimamizi anaweza kuwa wewe, hakuna sheria inayosema lazima mwanaume wa ukoo, na kama mnaogopana mnaweza kuomba muwe wawili, wewe na shemeji, kila jambo sahihi mbili. Mimi ningefanya hivyo. Na uone sasa, shemeji mpaka leo hajateuliwa na mahakama yoyote, kwa hiyo anataka kusaini kama nani?

Ila, na hapa nisikilize sana, kuwa msimamizi sio kuwa mwenye hela. Na fidia ya wategemezi haigawanywi kama mirathi. Nyumba, kiwanja, hela za benki, hizo ndo mirathi, mtagawana kwa sheria ya Kiislamu mke na thumni yake na watoto na mama na mafungu yao. Fidia hii inagawanywa kwa kuangalia nani amepoteza kiasi gani kwa kifo hiki. Mtoto wa chekechea aliyebakiza tuseme miaka 15 ya kulelewa anaweza kupata kubwa kuliko wa darasa la 6. Ndugu akikuambia kwenye kikao kwamba hela ya bima nayo iwekwe kwenye fungu la ukoo mwambie hapana, hiyo ni ya wategemezi, na uombe mahakama iandike mgao wa kila mtoto na hela yao iwekewe akaunti yao.

Sasa kiasi. Siwezi kukutajia mahakama itatoa ngapi, ila nikuonyeshe hesabu inavyofikiriwa. Tuseme baada ya kutoa hesabu ya tajiri, yaani mwenye bajaji, na mafuta alikuwa anabaki na elfu 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni laki 5 na elfu 20. Toa alichokuwa anatumia mwenyewe, chai, vocha, sigara kama alikuwa anavuta, tuseme laki 1 na elfu 70. Nyumbani ilikuwa inaingia laki 3 na nusu. Kwa mwaka milioni 4 na laki 2. Halafu mahakama inaangalia umri wake na miaka ambayo angeendelea kuwatunza, inachagua idadi ya miaka ya kuzidisha, ikichukua 12 inakuja milioni 50 na laki 4. Jumlisha na gharama za hospitali na mazishi. Wanaweza kupunguza wakisema na yeye alikuwa na makosa barabarani, alikuwa hana taa labda, na watajaribu kusema hivyo, lakini linganisha tu na hizo milioni 2 walizoleta, hazifiki hata miezi 6 ya alichokuwa analeta nyumbani.

Shida ya watu wetu ni kuthibitisha kipato, bajaji haina slipu ya mshahara. Basi kusanya, mkataba wa bajaji, daftari la hesabu kwa tajiri, taarifa ya miamala ya M-Pesa yake, daftari la kikoba, risiti za ada, miamala ya kwenda Lindi kwa mama, na mwenyekiti wa kijiwe awe tayari kueleza pale kijiweni mtu anaingiza ngapi. Usiitupe simu yake wala usimpe mtu laini, humo ndo kuna ushahidi wote. Fidia ya bajaji yenyewe, kwa kuwa mkataba haujaisha, tajiri ndiye atakayeidai, ila kiasi mume wako alichokwisha kulipa mwambie wakili.

Mkishapata usimamizi, barua ya madai inaenda kwa mwenye gari na kampuni ya bima pamoja. Mara nyingi bima wanakaa mezani, wanatoa ofa, na ofa ya kwanza huwa ndogo. Wakikataa au kuzungusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kuna mahakama, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na hata huko kabla ya kusikilizwa mnapitishwa kwanza kwenye usuluhishi. Wakili tafuta mapema, na kama huna hela nenda kwenye mashirika ya TAWLA, WLAC au LHRC, yote yana msaada wa kisheria bure hapa Dar. Nje ya mahakama kuna vishoka wanajiita mawakili, jina la mtu liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa hata nauli, na makubaliano ya malipo yawe kwa maandishi.

SWALI: Mdogo wangu alikuwa saidia fundi, alidondoka ghorofani saiti huko Kariakoo akafa. Mkandarasi anasema hakuwa na mkataba kwa hiyo hamjui. Ameacha mke mjamzito. (Msomaji, Gongo la Mboto)

JIBU: Pole kaka. Kutokuwa na karatasi ya mkataba hakumfanyi kuwa sio mfanyakazi, aliyekuwa anamlipa na kumpangia kazi ndio mwajiri wake. Nendeni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, toeni taarifa ya kifo hata kama mkandarasi hataki kujaza fomu, na msipitishe miezi 12. Kule hamhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu, inatosha kifo kimetokana na kazi, na kuna msaada wa mazishi na pensheni ya mjane na watoto. Tafuteni mafundi wenzake 2 au 3 waandike maelezo sasa hivi kabla saiti haijafungwa, na meseji za kuitwa kazini. Mtoto aliye tumboni mtajeni tangu karatasi ya kwanza.

SWALI: Dada, mama yetu aligongwa na gari la serikali. Utaratibu ni ule ule?

JIBU: Karibu ule ule, ila kuna mlango wa ziada. Kabla ya kufungua kesi lazima mtoe notisi ya siku 90 kwa ofisi inayohusika na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Mkienda bila notisi kesi inatupwa hata kama mna haki kiasi gani. Na hizo siku 90 mziweke kwenye hesabu zenu za muda, msisubiri mwaka wa mwisho. Mkipeleka notisi pelekeni nakala 2, moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, mrudi nayo nyumbani.