Muulize Daktari: Nitajuaje kama usingizi wa upasuaji umenikolea?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mama wa miaka 51, mkazi wa Kiborloni, Moshi. Nimepangiwa upasuaji wa kuondoa rovu mwezi ujao, na kwa kuwa moyo ulikuwa ukinienda mbio, natumia vidonge vya propranolo. Jirani yangu, aliyejifungua kwa upasuaji miaka tisa iliyopita kwa nusukaputi, ananiambia kwamba kuna wakati aliwasikia wahudumu wakizungumza na kuhisi tumbo likivutwa, akataka kupiga kelele, lakini hakuweza hata kufumbua macho. Tangu anisimulie sina raha. Daktari hujuaje kwamba mgonjwa amelala kweli? Nasikia pia ipo mashine ya kusoma ubongo. Je, nitafute hospitali iliyo nayo?

JIBU: Mama, pole kwa wasiwasi huo. Nianze na jirani yako, kwa sababu maneno yake yanastahili kuaminiwa. Wengi wanaosema walisikia sauti wakati wa kujifungua kwa upasuaji walichomwa sindano ya mgongo, ambayo hutia ganzi sehemu ya chini ya mwili na kumwacha mama akiwa macho. Huyo husikia kila neno na huhisi kuvutwa, lakini anaweza kusema. Wengine hupewa ketamini, dawa inayotumika sana katika hospitali zetu, nayo huweza kuleta ndoto nzito za ajabu. Jirani yako hakuweza kusema wala kufumbua macho. Hali hiyo humpata mtu aliyepewa dawa ya kulegeza misuli ilhali usingizi wenyewe haujamkolea.

Tangu William Morton alipoonyesha matumizi ya etha, dawa ya usingizi ya kuvutwa kwa pumzi, mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na kwa karibu miaka 100 iliyofuata, mtaalamu wa usingizi aliusoma mwili wa mgonjwa: namna anavyopumua, ukubwa wa mboni, mwendo wa macho, ulegevu wa viungo. Mmarekani Arthur Guedel alizipanga dalili hizo katika hatua 4. Mgonjwa ambaye usingizi umempungua alijitetea mwenyewe, kwa kujikunja au kusogeza mkono. Mwaka 1942, huko Montreal, Harold Griffith na Enid Johnson walianza kutumia kurare kulegeza misuli wakati wa upasuaji, na kazi ya mpasuaji ikawa rahisi mno. Lakini dawa za namna hiyo hazimlazi mtu wala haziondoi maumivu. Humfunga tu asiweze kutujulisha lolote, na nyingi za dalili zilizotegemewa tangu zamani hutoweka.

Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, matokeo yake yakatolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba malalamiko ya kuzinduka wakati wa nusukaputi yalikuwa takriban 1 kwa kila wagonjwa 19,000. Dawa ya kulegeza misuli ilipotumika ilikuwa 1 kwa 8,000, na isipotumika 1 kwa 136,000. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji ilifikia 1 kwa 670 hivi, kwani mara nyingi upasuaji huo hufanywa kwa haraka, na kisu huanza punde tu baada ya mama kutiwa usingizi. Takriban theluthi mbili ya matukio yalitokea wakati wa kutiwa usingizi au wa kuamshwa, na mengi hayakuzidi dakika 5. Nakupa hesabu hizi ili uone ukubwa halisi wa jambo, si kwa kumdharau aliyepatwa.

Sasa, mtaalamu hutazama nini? Hutazama mapigo ya moyo na presha, machozi na jasho, ingawa hizi ni dalili zinazoweza kudanganya. Vidonge vyako vya propranolo, kwa mfano, huzuia moyo kwenda mbio hata mgonjwa anapohisi kisu. Usiviache kwa uamuzi wako mwenyewe, lakini mtajie kila anayekuhoji. Kipimo kinachosaidia zaidi ni kile kinachopima kiasi cha hewa ya usingizi katika pumzi anayoitoa mgonjwa, kikiwa na king'ora kinacholia kiasi hicho kikishuka. Kuongeza dawa kupita kiasi si dawa ya hofu hiyo, kwa maana hushusha presha na huchelewesha kuamka.

Mashine uliyoisikia hubandikwa vipande vya kunata kwenye paji la uso, husoma umeme wa ubongo na kutoa namba kati ya 0 na 100. Wakati wa upasuaji hutakiwa iwe kati ya 40 na 60. Utafiti wa mwaka 2004 uliohusu wagonjwa wapatao 2,500 walio katika hatari kubwa ya kuzinduka ulikuta waliozinduka ni 2 kwa waliofungiwa mashine hiyo na 11 kwa wasiofungiwa. Hata hivyo, mwaka 2008 ililinganishwa na king'ora cha hewa ya usingizi nilichokitaja, na waliozinduka walikuwa 2 kila upande. Isitoshe, ketamini huweza kuipandisha namba ilhali mgonjwa amelala fofofo. Ni chombo chema, hasa pale usingizi unapotolewa kwa mshipa peke yake, maana hapo hakuna hewa ya kupima. Kwa upasuaji wako, mama, nisingekushauri uihame hospitali kwa sababu yake.

Ningependa badala yake uombe kuonana na mtaalamu wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Muulize kama atatumia dawa ya kulegeza misuli, atajuaje kwamba usingizi unatosha, na kama yeye au mwenzake atakuwa kichwani pako tangu mwanzo hadi uamke. Na jirani yako arudi hospitali akasimulie, hata kama miaka imepita. Akipasuliwa tena, habari hiyo itawasaidia watakaomtia usingizi. Na kuelezwa kilichotokea hupunguza uchungu wa kumbukumbu hiyo.

SWALI: Mume wangu hunywa mbege na pombe kali kila siku, na atapasuliwa ngiri. Rafiki zake wanamwambia nusukaputi haiwashiki wanywaji. Ni kweli? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Humshika, dada, ila anayekunywa sana kwa miaka mingi huenda akahitaji dawa zaidi kuliko mwenzake, na ndiyo maana hapaswi kuficha kiasi anachokunywa. Asiache ghafla siku mbili kabla ya upasuaji, kwani anaweza kupata mitetemeko na hata degedege. Aende mapema akaseme ukweli, nawe umsindikize.