Godoro la bibi yako

Mwanangu Mwanaisha,

Sisi huku Tanga hatujambo, na mguu wa baba yako umepoa. Umeniuliza ununue godoro gani, la sponji au la springi, badala ya lile la sufi la bibi yako, maana limeingia bonde katikati na ukilikung'uta linatoa vumbi. Nitakujibu. Ila kwanza linyanyue utazame chaga, zile mbao zinazobeba godoro.

Kitanda chako ni cha tano kwa sita. Kinataka chaga kama 11 za upana wa inchi 4, ili mwanya usizidi inchi 3, na boriti ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Mafundi wengi hupiga sita tu kwa kubana mbao. Sufi iliyoshindiliwa huvuka mwanya bila taabu. Sponji huzama humo, kisha mtu akamlaumu mwenye duka. Kipime pia kwa ndani: 152 kwa 183 za sentimita. Kikipungua hata inchi moja, godoro jipya litapanda mgongo.

Na hilo bonde, nadhani ni vifundo vimekatika. Godoro la sufi hufungwa kifundo kila shibiri, uzi unapita juu hadi chini, ndipo sufi isihame. Kikikatika, sufi hukimbilia pembeni na kiuno kinabaki kwenye kitambaa. Fumua mshono wa upande mmoja, toa konzi moja, isugue viganjani. Ikibaki nyuzi laini zinazong'aa, ipo hai. Ikiacha unga, imekufa. Unyuzi wa sufi ni mrija mtupu, haulegei, unavunjika. Iliyo hai imwage mkekani juani siku mbili, ifunike na chandarua kikuukuu isipeperuke, uichambue kwa mkono na kutoa mbegu, kwani panya hufuata mbegu. Jifunge kitambaa puani. Na jiko likae mbali kabisa, sufi hushika moto kabla hujageuka. Kisha ongeza mpya kilo nne au tano, ushone kwa shazia, ile sindano kubwa ya magodoro.

Najua hukuuliza hayo.

Haya, sponji. Unakumbuka lile la waridi la baba yako mdogo. Alikuja nalo kwa mkokoteni, watu wote barazani, na kijana mmoja akalishusha kwa mkono mmoja. Kwa mkono mmoja, mwanangu! Pale pale mtu angejua. La sufi likapelekwa kwa muda bandani kwa kuku, bibi yako akalazwa kwenye lile jipya, na nailoni yake haikuvuliwa ili lisichafuke. Miezi sita, bonde. Bibi hakusema neno. Tulijua tulipoukuta mkeka umetandikwa sakafuni. Bado linaniuma.

Lakini nisimwonee baba yako mdogo. Alilibonyeza dukani, likamrudisha mkono kwa nguvu, akaona gumu. Hapo ndipo wengi wanapopotea: ugumu wa sponji na uzito wake ni mambo mawili. Kiwanda kinaweza kuitengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu, na ugumu huo ukaisha baada ya miezi michache, maana ndani ni hewa tupu. Nzito inaweza kuwa laini na bado ikadumu miaka. Godoro hununuliwa kwa ubavu, si kwa macho. Na mimi naongeza, na kwa mizani.

Hesabu yake nyepesi. Tano kwa sita la inchi 8 lina futi za ujazo 20; la inchi 6 lina 15. Panda mizani ya watu peke yako, kisha upande tena umelikumbatia godoro, utoe uzito wako. La inchi 8 likiwa na kilo 10, ndilo la waridi hilo. Kilo 16 kwenda juu, hapo tuzungumze. La inchi 6, kilo 12. Muuzaji akikuambia "hili ni zito, dada," mwambie alete mizani.

Ila mizani nayo hudanganywa. Kuna sponji za vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, na nyingine zimetiwa unga wa chokaa ili zilemee. Vuta zipu utazame: ukiona madoa ya rangi rangi kama kitenge, ni vipande. Ivute pembeni kidogo. Ya chokaa huchanika na kuacha vumbi kidoleni. La kushonwa lisilo na zipu, omba kuona kipande cha mfano, wakikataa, ondoka.

Kisha lala. Usione haya, vua viatu, lala kwa ubavu unaolalia nyumbani, dakika kumi, siyo kukaa ukingoni ukirukaruka. Mwenzio apitishe mkono kiunoni kwako. Ukipita bila kugusa, ni gumu mno. Nyonga ikizama na kiuno kikajipinda, ni laini mno. Wewe ulilelewa kwenye sufi, iliyo tambarare, isiyorusha, isiyoshika joto. Linalokunesanesa utalipenda dukani tu.

Springi? Kwa ukingo imara na hewa, sina neno. Lakini uko karibu na bahari, na kutu haina adabu. Likianza kulia, halinyamazi.

Ukilileta nyumbani, nailoni ivuliwe siku hiyo hiyo. Jasho likikosa pa kutokea, ukungu unaota chini. Liache dirishani siku mbili harufu itoke, kivulini. Hapa usifuate mazoea: sufi inapenda jua, sponji jua linaiua, inakuwa njano na kumeguka. Kila mwezi geuza kichwani kuwe miguuni.

Basi lipi? Nimekaa na swali lako siku tatu. Mara naona ulifumue lile la bibi na uliokoe. Mara nasema hapana, mtoto anaamka saa kumi na moja kwenda kazini, sufi inataka mtu wa kuianika na kuikung'uta, na bibi alikuwa na sisi wote. Ulimi unaniwasha nikutajie, lakini sitataja. Godoro hununuliwa kwa ubavu, na ubavu ni wako.

Kitu kimoja tu siachii. Hata ukinunua jipya, ile sufi iliyo hai itie kwenye mito miwili, kama kilo moja kila mmoja, na inayobaki ishonewe mfarishi mwembamba wa kutandika juu ya sponji. Ile marduf, kitambaa kizito cha godoro chenye mistari ya buluu, usiikate. Ifue, uianike, uitume na basi la Ijumaa. Na unitajie chaga ziko ngapi.

Mama yako