Re: Mbona nakutana na watu kila siku ila Kristo simwoni?

Tumsifu Yesu Kristo mleta mada. Umesema padri kahubiri kwamba Kristo tunakutana naye kila siku kwa watu, wewe ukiangalia unaona konda, bosi na jirani mwenye sabufa, basi, na sasa unahofia imani yako ina shida. Mi naona haina shida kabisa, ngoja nikwambie kwa nini.

Rudi Mathayo 25 usome taratibu, pale Yesu anapoeleza hukumu ya mwisho. Wale wa mkono wa kuume waliolisha wenye njaa na kwenda kuwaona wafungwa, wakiambiwa mlinitendea mimi wanashangaa, wanauliza Bwana, ni lini tulikuona? Yaani wenye haki wenyewe hawakumwona! Na wale wa kushoto wanauliza hivyohivyo. Kwa hiyo pale hakuna aliyemtambua, tofauti yao ni kwamba hawa chakula chao kilimfikia mtu na wale hakikumfikia. Hata wale wanafunzi wawili waliokuwa wanaelekea Emau baada ya Yesu kufufuka walitembea naye njia nzima wanaongea naye vizuri tu, wakamtambua mezani alipoumega mkate na hapohapo akatoweka, ndo wakaanza kuambiana mbona kule njiani mioyo yetu ilikuwa inawaka. Maria Magdalena naye alipomwona Yesu kaburini alidhani ni mtunza bustani.

Mimi hili nilikuja kulielewa nikimuuguza mama wodini. Kitanda cha pili alikuwepo bibi mmoja hana ndugu wa kumletea chakula, basi uji wa mama nikawa nauongeza kidogo kwenye chupa nammiminia na yeye. Aisee bibi alikuwa mkali! Uji hauna sukari, uji wa moto, uji umechelewa. Siku moja akaniomba nimkate kucha, zilikuwa ndefu na ngumu mpaka wembe unateleza, nikachukua maji ya uvuguvugu nikamlowesha vidole kwanza, akanyamaza muda wote ananiangalia tu, nilipomaliza akanyoosha na miguu bila kusema neno. Sikusikia sauti yoyote ya ajabu wala moyo kuwaka, nilikuwa nimechoka nawaza basi la kurudia nyumbani. Ila miezi baadaye, mama keshapona, nikiwa kanisani likasomwa lile neno nalikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, nikaiona ile miguu. Nililia.

Na kuna upande mwingine watu wanausahau sana, tunadhani Kristo ni yule anayeomba tu na sisi ndo watoaji. Pale wodini alikuwepo dada wa usafi, alfajiri kabla hata daktari hajapita anaweka deki yake pembeni anauliza, mama ameamkaje leo, na anasubiri jibu, hakuulizi huku anaondoka. Mimi ndo nilikuwa mwenye kiu pale nikanyweshwa na yeye. Sidhani kama mwenyewe anajua.

Soma pia habari za Mtakatifu Martin wa Tours, tunamkumbuka tarehe 11 Novemba. Alikuwa askari, bado katekumeni hajabatizwa, akamkuta maskini uchi kwenye lango la mji wa Amiens, Ufaransa, kwenye baridi kali, akakata joho lake kwa upanga akampa nusu. Masimulizi yanasema usiku ndo akamwona Kristo ndotoni kavaa kile kipande. Ona mpangilio wake, pale langoni aliona mtu anayetetemeka kwa baridi, na hiyo ikatosha kumfanya akate joho.

Kwa hiyo ushauri wangu usikae unamkodolea macho konda ukitafuta sura ya Yesu, muangalie konda kama konda, mwenye jina lake na shida zake, mjibu kama mtu. Jioni kabla hujalala chukua dakika chache upitie waliokupitia siku hiyo, nani alikuhitaji, nani alikubeba, hapo ndo mara nyingi utashtuka.

Na huyo jirani wa sabufa umesema hata jina lake hulijui. Anza na hapo, Jumapili ukitoka misa gonga umjulie hali, na suala la sauti mwambie hukohuko, maana kumwona Kristo kwa mtu hakukuzuii kumuomba apunguze mziki watoto walale.