Fuko kaharibu ukoka wako? Achana na mafuta ya nyonyo, tega

Aisee mimi niko Arusha, upande wa Tengeru, udongo wa huku ni laini, kila kitu kinakubali, na ndo huo huo fuko anaupenda. Mwaka juzi nikapanda ukoka mbele ya nyumba, masika yameanza tu naamka asubuhi nakuta marundo ya udongo, nikahesabu kumi na moja. Nikajua chini kuna ukoo mzima. Kumbe ni mmoja! Fuko wa huku anaishi peke yake, ila njia zake sasa.

Kosa langu nilikimbilia gugo. Nikaambiwa nyunyiza mafuta ya nyonyo, sijui ua mabuu kwenye nyasi atakosa chakula ataondoka mwenyewe, nikafanya vyote hela ikaenda. Baadaye ndo naelewa anayeandikwa kule ni fuko wa Ulaya na Marekani, yule anakula minyoo na wadudu. Huyu wetu ni jamii ya panya, ana meno ya mbele ya rangi ya chungwa ndo anachimbia, anakula mizizi na viazi, sasa unamuulia mabuu ili iweje? Maji nayo nilimwagia simtank nzima, ukoka ukatitia, fuko yupo. Sumu sikugusa, nina mbwa, na kuku wa jirani hawajui mpaka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayetega kwa hela, analipwa kwa kichwa. Akaniambia usitege kwenye rundo, tafuta njia. Chukua kijiti kigumu, chomeka chomeka pembeni ya rundo bichi, kikizama ghafla hapo ndo penyewe. Fukua uache wazi uondoke, na usikanyage kanyage hapo. Fuko hataki mwanga wala upepo ndani kwake, lazima aje kuziba. Mpaka kesho yake hajaziba basi hayupo, hamia kwingine. Akiziba, fungua tena hapo hapo utege.

Mtego wenyewe ni ufito unaokunjika umechomekwa ardhini, kamba, na kitanzi cha waya kinakaa mdomoni mwa njia, mbele yake kauzi kanakatiza, akija kuziba anakakata kwa meno na ufito unafyatuka. Mimi wa kwanza nilifunga kitanzi kidogo akasukuma udongo tu mtego ukajaa. Nikarudia, saa nne asubuhi yake huyo, mnene kama paka mdogo.

Ukishamtoa fukua njia zake ushindilie, maana nyumba tupu fuko mwingine anahamia, mimi ilinitokea baada ya miezi mitatu. Sa hivi nimechimba mtaro futi mbili upande wa shamba la jirani (kalima viazi vitamu, unategemea nini) nikasimamisha waya wa kuku. Upande wa barabarani hela iliisha, na juzi nimeona rundo bichi huko huko.